Kinturai na Mnyama wa Vichwa Viwili

Hadithi!
— Na ishuke!
Ishuke wapi?
— Hapa hapa motoni petu!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, ng'ambo ya bahari kubwa, katika nchi ya mvua na misonobari, walikuwako watu waliokaa kando ya mto wao. Wahispania wakaja kuutaka mto huo, na watu wake wawachimbie dhahabu.

Watu wa mto wakapigana nao mara ya kwanza, wakakimbia. Mara ya pili, wakakimbia. Mara ya tatu, mbio! Wanaume wazima, na marungu yao! Walikuwa wamemwona mnyama wa miguu minne na vichwa viwili, kimoja cha mtu, kingine sijui cha nini. Farasi walikuwa hawamjui, maskini.

Kinturai, binti aliyefiwa na kaka yake katika vita hivyo, akasema, "Mimi sikimbii tena." Akajificha kwenye matete ya mtoni. Mnyama akaja kunywa maji. Mara, loo! Ile nusu ya mtu ikateremka, ikaenda kichakani kukojoa.

"Umekatika!" Kinturai akamnong'oneza aliyebaki.

"Sijakatika," farasi akajibu. "Yeye ni yeye, mimi ni mimi."

"Utanibeba?"

"Nipe majani, nipe maji, usinichome mbavu."

Akampanda, huyooo, mpaka kijijini. Watu wakatawanyika kama kuku. Mjomba wake Nawelpan, kiongozi wa vita, hakukimbia, ila alifura kwa hasira.

"Leo mnyama wao, kesho nguo zao, keshokutwa mungu wao! Anaitwaje huyo?"

"Wao humwita kabayo. Mimi namwita kawelu."

"Umekosea."

"Sijakosea, mjomba. Sasa anaitwa kwa ulimi wetu."

Mjomba akamzunguka farasi, akamshika shingo. "Haya, nipandishe," akasema.

Basi wakaiba mmoja, wakaiba wawili, wakaiba kundi. Wakajifunza kupanda, wakaanguka, wakapanda tena. Wahispania waliporudi, watu wa mto wakawashukia juu ya farasi, mikuki mbele. Vita vikawa vikali. Nawelpan akauawa. Kinturai akalia huku akipigana, wala hakugeuza farasi, mpaka adui wakavuka mto kurudi walikotoka.

Nahodha wao akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Mwizi wewe! Farasi huyo ni wetu!"

"Alikuwa wenu," Kinturai akajibu. "Mto bado ni wetu."

Funzo lenu hili: kuchukua kitu cha mgeni si kujiuza, mradi ujue unakichukulia nini. Hadithi yangu naitua hapo. Atakayeniambia nimeongeza chumvi, kesho asimulie yeye, nami nitakoroma.