Fisi Alivyobebeshwa Mwendo wa Kinyonga

Ninyi watoto mna nini na mdomo wangu? Nimeshinda napepeta mchele, mgongo unaniuma, kisha mnanijia na "Bibi, tupe ngano, Bibi, tupe ngano," kama vile nina ghala lake uvunguni. Mwanaidi, acha kuvuta kanga yangu, ikichanika hutaninunulia nyingine. Haya, kaeni. Na anayemtaka Sungura aende akalale. Sungura amenichosha, kila siku yeye tu ndiye mwenye akili.

Mlangoni kuna mtu!

— Aingie!

Amebeba uongo!

— Autue mkekani!

Ukiwa mchungu?

— Tutautia sukari!

Basi, hapo kale wanyama walilima kwa msaragambo. Leo wote shambani kwa Kanga, kesho wote kwa Nungunungu, siku nyingine wote kwa Kima. Mwenye shamba halipi kitu, ila anapika. Na akipika, yeye au mkewe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Pasipoonjwa hapaliwi. Na wageni wakiondoka na njaa, umekwisha: hawarudi tena kukupalilia, majani yanameza mahindi yako, watoto wako wanakula upepo.

Fisi naye alikuwemo. Jembe lake halikujua udongo, tumbo lake halikujua mwisho. Kazi ikiisha, Fisi puruuu! kashafika chunguni. Mwenyeji akionja tu, Fisi anakumbatia chungu, na anayesogea anaonyeshwa meno. Anakuja Kima, tifu tifu, anakuta mchuzi. Anakuja Kanga, tifu tifu, anakuta harufu. Nyuma kabisa anakuja Kinyonga: nyata, nyata, yumba. Nyata, nyata, yumba. Anakuta ukoko.

"Umechelewa, bwana mdogo," Fisi anamwambia huku anachokonoa meno. "Miguu yako ndiyo adui yako."

"Ndiyo, kaka mkubwa," anajibu Kinyonga. Anakwangua ukoko wake, anarudi zake. Nyata, nyata, yumba.

Zamu ikafika kwa Kinyonga. Mkewe, Bi Mashavu, akapika kande za nazi na samaki mkavu, chungu kizima. Ndicho chakula chote walichokuwa nacho ndani.

"Mume wangu," akasema, "yule bwana akikifagia chungu hiki peke yake, nani atarudi kutupalilia?"

"Wewe pika. Mimi nitachelewa."

"Wewe kuchelewa ni habari?"

"Leo nitachelewa kwa makusudi." Akamnong'oneza jambo sikioni. Bi Mashavu akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Watu wakalima. Jua lilipokuwa kali wakatoka, akabaki Kinyonga na mistari yake, maana mwenye shamba ndiye wa mwisho kutoka. Akitangulia, shamba linanuna. Fisi, puruuu! chunguni. Udelele chururu, chururu.

"Onja, shemeji, tule!"

"Nionje kabla ya mume wangu?" Bi Mashavu akajitanda kanga. "Watu watasema nimeshamzika. Mngoje mwenyewe."

Fisi akapaza sauti: "Kinyongaaa! Unakuja?"

"Nakujaaa!"

"Unakujaje?"

"Natambaa!"

Fisi akangoja. Udelele chururu. "Kinyongaaa! Bado unatambaa?"

"Nimeacha! Sasa najikokota!"

Fisi akamgeukia Kima. "Kujikokota ndiko haraka zaidi?"

"Anayetambaa hajui atafika lini," akasema Kima. "Anayejikokota anajua kwamba hafiki."

"Kinyongaaa!"

"Nasota!"

"Kinyonga weee!"

"Najikongoja, kaka mkubwa! Nikitoka hapo nitanyata!"

"Mtu gani huyu!" Fisi akalia. "Kuchelewa kwake kuna majina mengi kuliko ukoo wa Kima!" Akashindwa. Akakiacha chungu, akatimka shambani. Akamkuta Kinyonga kwenye mstari uleule, kashika jembe kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba.

"Mbona uko palepale?"

"Palepale wapi? Asubuhi nilikuwa upande ule wa hili jani. Na mistari hii haijaisha, nami siwezi kutoka. Ila ukiwa na haraka…"

Fisi akampokonya jembe. Chwa! chwa! chwa! Siku hiyo jembe la Kinyonga lilikutana na mikono ya Fisi, na mikono ikajuta. Chwa! chwa! chwa! Mistari yote, mpaka mpakani.

"Haya, panda mgongoni twende!"

Kinyonga akapanda. Mguu mmoja. Akafikiri. Mguu wa pili. Akaangalia huku kwa jicho moja, kule kwa jingine. Alipokaa sawasawa, Fisi akataka kuruka.

"Polepole, kaka! Nikianguka nikafa, nani atakuonjea?"

Fisi akapunguza.

"Punguza tena, nasikia kizunguzungu. Taratibu. Aste aste. Ehee, hivyo hivyo."

Ndipo wanyama walipomwona Fisi anatokea njiani: nyata, nyata, yumba. Nyata, nyata, yumba. Machozi na udelele vinashindana kufika chini.

Kufika, Kima anacheua kwa shibe, Kanga amelala chali, Nungunungu anajilamba vidole. Chunguni kuna kipande kimoja cha samaki.

"Nani kaonja?" Fisi akanguruma. "Shemeji, si uliona aibu?"

"Niliona," akasema Bi Mashavu. "Ulipoondoka ukaondoka nayo. Nikaonja, wakala, Mungu awajalie." Akawageukia wageni. "Jumapili mnarudi, siyo?"

"Tunarudi!" wakajibu wote.

Fisi akainama achukue kile kipande.

"Ngoja," akasema Kinyonga kule mgongoni. "Desturi ni desturi. Mwenye mji huonja."

Pwaa! Miguu ya Kinyonga mliiona. Ulimi je, mmewahi kuuona? Kipande hakipo.

"Hakina sumu," akasema, anatafuna. "Karibu, kaka mkubwa."

Fisi akatoa meno. Nungunungu akasimamisha miiba yote, kha-kha-kha, maana tumbo lililoshiba halitishwi na meno. Wakakaa baraza pale pale, wakamhukumu kwa vyungu vyote alivyofagia.

Ngano yangu imechoka, nimeilaza hapa. Atakayeiamsha aibebe mwenyewe. Na fundisho, kwa kuwa mama zenu wanataka fundisho: mwendo wa polepole ni mzuri sana, watoto wangu, mtu asikimbilie chakula. Kwa hiyo kesho wali ukipakuliwa, ninyi njooni polepole. Mimi nitawatangulia kuonja.

Nini tena, Mwanaidi? Fisi alilipa nini? Alilipa mgongo. Msimu mzima alimbeba Kinyonga kwenda kila msaragambo na kumrudisha, kwa mwendo wa Kinyonga, na haruhusiwi kula mpaka amtue. Kinyonga alipenda kukaa nyuma, kwenye kiuno. Mtasema Kinyonga hana uzito. Mbebeni ninyi, kwa mwendo wake, toka asubuhi, mnione. Kiuno cha Fisi kikashuka, kikashuka, na mpaka leo hakijapanda.