Baba Aliyeanzia Utosini

Sogeeni, wanangu. Nyie wa mlangoni ingieni, kina mama wapakateni wadogo. Minong'ono nayo iishe, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Haya nilisimuliwa na marehemu mama mkwe tukipepeta mchele, na hata leo nikiyasema namsikia yeye.

Kulikuwa na baba mmoja, kazi yake kutengeneza matenga ya kubebea nyanya. Mkewe alifariki binti yao hajaota hata jino. Na Jumamosi mnaijua: kila mama yuko barazani na binti yake katikati ya magoti, nywele zinasukwa, kesho ibada. Huyu baba naye akatandika mkeka, akamkalisha mwanawe. Lakini alichojua ni tenga tu, na tenga huanzia kitakoni, kisha unazunguka. Basi akaanzia utosini, akazunguka, akazunguka, mpaka masikioni!

Jumapili watoto wakamwona. "Eh! Kitako cha tenga hicho! Njoo tukutie nyanya!" Aliyecheka kuliko wote, mpaka akashika mbavu, ni binti wa jirani yao.

Jumamosi iliyofuata baba akatandika mkeka tena. Mtoto hakukaa.

"Baba, leo nataka kwenda kwa mama jirani."

"Kwani nilikuumiza?"

"Hapana, wewe huumizi. Ila wenzangu wote wanasukwa na mama."

Baba akampa kitana. "Haya, nenda, mama. Nisalimie huko."

Akaenda. Yule jirani alikuwa na haraka, anavuta kweli kweli: "Tulia wewe!" Lakini mistari ilinyooka! Mtoto akafumba macho, akaegemea lile goti. Lilinukia mafuta ya nazi. Na la mama yake, je, lingenukia nini? Nani wa kumwambia?

Akarudi mbio amwonyeshe baba. Kumbe mkeka una mtu! Binti wa jirani, yule yule wa kucheka, amekaa mbele ya baba, nywele timtim.

Baba anamwuliza, "Mama, kwenu si wanasuka vizuri kuliko mimi?"

"Ndiyo."

"Sasa umefuata nini huku? Watakucheka."

"Wacheke tu. Baba yangu tunaishi naye, lakini hajawahi kunishika kichwa. Wiki nzima nawaza, mkono wa baba ukoje?"

Mmesikia, jamani? Yule aliyecheka! Na huyu wa nywele zilizonyooka akakaa nyuma ya mwenzake, kwenye foleni, akaanza kuzifumua zake.

Sasa sisi. Mtoto anakuuliza, "Bibi, mbona yule analelewa na baba peke yake? Mbona wale wana mama wawili? Mbona yule ngozi yake si kama yangu?" Nasi tunafanyaje? "Shh! Nyamaza!" Tukishasema hivyo, mtoto kajua pale pana aibu, na kesho ndiye wa kwanza kucheka. Ni nani aliyemfundisha? Mimi pia nimewahi kunyamazisha, Mungu anisamehe. Mjibuni. Mwambieni, kwao ndivyo walivyo, na Mungu anaingia mle kama anavyoingia kwetu. Kisha mwulizeni amependa nini huko. Mtashangaa. Wenye mama, wenye baba, wenye bibi tu kama mimi, kila mtoto hapa kuna mlango anaupita anautazama kwa hamu. Msiufunge kwa kicheko.

Yule baba aliishi mpaka uzee. Alipofariki, kiwanja cha kando walikirithi wadogo zake, na binti yake akarithi nyumba ya vyumba viwili. Binti wa jirani hakuachiwa kitu. Ila siku ya msiba aliingia ndani moja kwa moja, akaketi pamoja na wafiwa. Wala hakuna aliyemwuliza amekaa hapo kama nani.