Filimbi ya Kocha Mwakalobo

Sogeeni karibu, na leo sitaki mzaha, maana hili linamhusu mtu na roho yake.

Chuo cha ualimu cha Lusanje hakikuwa na timu yoyote mpaka alipofika Kocha Mwakalobo. Asubuhi kandanda, jioni besiboli, ule mchezo wa rungu na kijimpira. Watu wakamcheka weee, wakachoka. Mikononi mwake wakakua vijana watatu. Ambakisye alikuwa na macho, hakuna kilichompita asikione. Ipyana alikuwa na mbio. Gwamaka, mdakaji, alikuwa na mikono isiyoachia kitu.

Siku ya fainali ya kandanda, ugenini, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Langoni mwa uwanja wakakuta udongo umefukuliwa ukafukiwa. Si mnayajua mambo ya mpira wetu? Timu nzima ikagoma.

“Kocha, hapo pamezikwa kitu,” akasema Ipyana. “Turuke ukuta.”

Miaka yote Mwakalobo aliyakemea mambo hayo ya uchawi. Siku hiyo naye akaogopa kama wao.

“Haya, rukeni,” akasema, naye akapanda wa mwisho.

Yuko juu, ukuta uliolowa ukaachia upande mmoja, akaporomoka nao hadi chini.

Ambakisye akauona ufa kwenye upande uliobaki wima kabla ya wote. “Kocha, inama!” Akainama, tofali likapita pale kilipokuwa kichwa.

Ipyana alikuwa katikati ya uwanja. Akafyatuka, akamkamata kwapani, akamvuta kabla upande wa pili haujashuka. Miguu tu ndiyo ikabaki chini ya kifusi.

Gwamaka akajitupa, akadaka kwa mikono mitupu bonge la ukuta lililokuwa likimshukia Kocha kifuani. Vidole vyake, masikini, havikunyooka tena.

Angekosekana mmoja wao, Kocha angezikwa.

Hospitalini akaambiwa hatatembea tena. Mkuu wa chuo akaja.

“Pole sana, Mwalimu. Fainali imesogezwa hadi Jumamosi, uwanja ule ule. Nitajie mrithi wako leo hii.”

Kocha akaishika filimbi yake. Vijana wote watatu walikuwa kando ya kitanda, na kila mmoja aliitaka, hata Gwamaka na bandeji zake. Aliwapenda kama wanawe, na moyo ulimuuma.

“Nijibuni kwanza. Jumamosi mtawapitisha wenzenu wapi?”

 

“Langoni hatupiti, Kocha,” akanong'ona Gwamaka, na wenzake wakaitikia kwa kichwa.

Nje mvua ikaanza upya.

Haya semeni, tena mtu asijifiche nyuma ya mwenzake. Macho, mbio au mikono? Ungekuwa wewe umelala pale, filimbi ungemkabidhi nani?