Kiboko na Yai la Mama Kunguru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisoma na kuandika vizuri kuliko baadhi yenu mnaosinzia hapo nyuma, kulikuwa na jarida moja la utafiti kule nyikani. Mhariri wake alikuwa Mzee Nyati. Ukigundua jambo, unaliandika, unampelekea, naye anampa mtaalamu alipitie kabla halijachapishwa. Utaratibu mzuri tu, ukipata watu wazuri.

Bi Pelele, yule mnyama mdogo akaaye kwenye mawe, aligundua ua linalotibu kikohozi cha watoto. Ua lenyewe huota jabalini, na hufunguka jua likiwa utosini tu. Siku arubaini alipanda jabali, kwatu kwatu kwatu, akihesabu na kuandika. Akampelekea Mzee Nyati. Mzee Nyati akampa Profesa Kiboko apitie.

Kiboko akaukalia ule mswada miezi sita. Kisha jarida likatoka: "Ua la Jabalini na Kikohozi cha Watoto. Mwandishi: Profesa Kiboko."

"Lahaula!" Pelele akashika kichwa. "Hata nukta hakubadilisha!"

Na si jina tu. Mwenye utafiti ule ndiye angepewa kazi ya ualimu chuoni, kazi ambayo Pelele aliitamani tangu utotoni. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akatoka mbio mpaka kwa mhariri.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Nyati. Kazi yangu imeibiwa!"

"Marahaba. Andika malalamiko, mwanangu. Tutamuuliza mtuhumiwa."

Wakamuuliza. Kiboko akajibu kwa neno moja: "Sikuiba."

"Umesikia?" Nyati akafunga jalada, pu! "Mtuhumiwa akishasema, shauri limekwisha."

"Mmemuuliza yeye peke yake?"

"Ulitaka tumuulize nani, ua?"

Mnacheka. Pelele hakucheka. Nyati na Kiboko walikuwa wakigaagaa kwenye tope moja kila Ijumaa, kama mnataka kujua.

Pelele akarudi kwake, akakaa juu ya jiwe, akawaza weee! Kesho yake asubuhi huyo tena kwa mhariri, mpole kama maji mtungini, na safari hii ameongozana na Mama Kunguru.

"Mzee, lile la wizi nimeliacha. Nina jingine. Aliyefanya utafiti ule, siku ya kumi na tisa aliteleza pale jabalini, akavunja yai la Mama Kunguru."

"Kraa! Yai langu!" Kunguru akapayuka. "Nimemtafuta mvunjaji mpaka nimekonda!"

Nyati akajikuna pembe. Yai si mchezo. Sheria ya nyika ilijulikana na wote: ukivunja yai la mtu, msimu unaofuata unapanda kiotani kwake, unamlalia mayai mpaka yaanguliwe. Shauri la namna hiyo husikilizwa mbele ya wanyama wote, na kila neno huandikwa.

Kiboko akaitwa. Akaja akitweta, hff, hff.

"Mimi? Nilalie mayai? Kule juu, juani?" Jasho likamtoka. "Haki ya Mungu, sikuvunja!"

"Pengine hukuliona, Profesa," Pelele akasema taratibu. "Saa sita mchana, jua lile, macho yanachoka."

"Saa sita gani? Saa sita mimi niko majini! Muulizeni Mamba! Ngozi hii ipigwe jua si itapasuka? Sijakanyaga jabali lile tangu nizaliwe!"

"Hata siku moja?"

"Hata nusu!"

"Hata katika zile siku arubaini?"

"We mtoto husikii? Sijawahi!"

"Mzee Nyati, umeandika?"

"Nimeandika," Nyati akajibu.

"Basi mtuhumiwa ameshasema. Shauri limekwisha."

Mamba akaanza kucheka, na wanyama wote wakaangua kicheko. Kiboko akageuka, akakimbilia mtoni, chubwi! Yakabaki mapovu.

"Sasa..." Nyati akauliza, "yai lilivunjwa na nani?"

"Na mimi." Pelele akamgeukia Kunguru, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa naogopa kusema. Nisamehe, mama."

Kunguru akakunja mbawa. "Msimu unaanza Jumatatu," akasema. "Usichelewe."

Jina likasahihishwa, tena ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa. Mzee Nyati aliombwa aache kalamu, akaacha. Na mwalimu mpya alifundisha siku ishirini na moja za kwanza akiwa amelalia mayai, wanafunzi wakiwa wameshikilia mawe wasianguke, yeye akiwaonyesha kwa kidole ua likifunguka saa sita kamili.

Nanyi mlioamka chukueni hili mwende nalo: anayeiba kazi ya mwenzake ajiandae kubeba na makosa yake.