Kibao Kilicho Bora Kuliko Vyote

Asubuhi katika bandari ya Bujumbura huanza kwa kungoja. Meli ya saruji kutoka Kigoma imeonekana, lakini haijatia gati; imetia gati, lakini karatasi hazijashuka; karatasi zimeshuka, lakini mwenye kuzipokea hajarudi kutoka kunywa chai. Makarani wa mawakala wa forodha hukaa kwenye mabenchi kando ya bohari, majalada mapajani, wakipiga soga na kufukuza nzi. Kama kungoja kungekuwa na mshahara, wote wangekuwa wamejenga ghorofa Rohero, mtaa wa wenye nazo.

Miongoni mwao alikuwemo Chabani, mzaliwa wa Buyenzi, mtu wa miaka arobaini na miwili, mpole, nadhifu, mwenye kalamu tatu katika mfuko wa shati. Kazi yake aliijua barabara. Hata hivyo, kwa miaka kumi na mitano alikuwa akiandaa majalada ambayo mwishowe yalitiwa saini na kugongwa muhuri na tajiri wake, bwana Salvator, kwa kuwa Salvator ndiye aliyekuwa na leseni. Chabani alikuwa mpishi wa karamu asiyealikwa mezani. Jambo hilo lilimkereketa, na mkewe Hayat alilisikia kila jioni kabla hata ya sahani kutolewa.

Basi siku moja likabandikwa tangazo. Baada ya miezi minne kungekuwa na mtihani wa leseni, wa kwanza baada ya miaka mitano. Atakayefaulu atapata muhuri wenye jina lake. Chabani alilisoma tangazo lile mara tatu. Tatizo lilikuwa kitabu. Sheria mpya zilijaa kurasa mia nane na sitini, nazo hazikuchapishwa. Zilitumwa kama faili la simu. Kwenye kioo cha simu herufi zilikuwa ndogo kama uwele, na jua la bandarini likishapanda, mtu haoni ila uso wake mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata, Adélaïde alifika bandarini na kitu cha kijivu mkobani. Adélaïde alikuwa karani wa wakala mwingine, mwanamke wa Nyakabiga mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo, na kwa miaka mingi yeye na Chabani walikuwa wakingoja kwenye benchi moja.

"Dada, hiyo ni nini tena?" Chabani akauliza.

"Ni liseuse. Inasoma vitabu, basi. Haiimbi, haipigi simu, haina rangi. Lakini angalia, hata mu jua inasomeka sawa na karatasi. Nimeipata Rohero, kwa mutu mwenye kuuza vitu vya okazyo, vyenye vimeshatumiwa."

Chabani akakipokea kile kibao cha kusomea, akakigeuza huku na huku kama anavyokagua shehena. Kona moja ilikuwa imepasuka. Mgongoni, mmiliki wa zamani alikuwa amekwaruza jina lake kwa msumari. Kitufe cha kulia kilikuwa kimekufa, na kile cha kushoto kikibonyezwa, ukurasa ulijivuta pole pole kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule.

"Umelipa ngapi?"

"Elfu mia na makumi mbili."

"Na ulilinganisha na zingine?"

"Nililinganisha na pochi yangu."

Chabani akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Apana, dada. Mutu wa forodha hawezi kununua hivyo. Kwanza unafungua dosiye. Halafu profoma tatu. Ndiyo unachagua."

Hiyo ndiyo desturi ya maofisi ya mjini: hakinunuliwi hata kiti kabla ya wauzaji watatu kuandika bei zao kwenye hati za profoma, zikapangwa mezani na kulinganishwa. Chabani aliwafanyia hivyo wateja wake kwa miaka kumi na mitano, na hakuona sababu ya kujifanyia yeye mwenyewe kwa haraka. Jioni ile alinunua jalada la kijani, akaandika juu yake kwa mwandiko wa kupendeza: Kibao cha Kusomea. Kisha akalala usingizi mzito, akiamini kwamba ameanza kusoma.

Wiki ya kwanza alilinganisha vibao vitatu vya kijivu: kimoja kidogo, kimoja chenye mwanga wa ndani, na kimoja kisichoogopa maji. Wiki ya pili Djibril, muuza simu wa Buyenzi, akamwonyesha kishikwambi cha rangi. "Muze, hii inasoma, inaonyesha mupira, na watoto watacheza," Djibril alisema. Chabani akaona kwamba haki haijatendeka bila kuviingiza vishikwambi pia. Kisha akafikiria umeme, ambao mjini huondoka bila kuaga na kurudi unapojisikia, akaongeza safu ya siku za chaji. Kishikwambi kilidumu siku moja, kibao cha kijivu wiki tatu. Akaongeza uzito. Akaongeza bei ya kasha. Jedwali likafika safu kumi na nne, na likalazimika kukunjwa ili liingie jaladani.

Alipokuwa karibu kuamua, aligundua kwamba profoma zake zimepitwa na siku, maana hati hizo huishi wiki mbili tu na bei hupanda na dola. Akaziomba upya. Wakati akizingoja, kibao kingine kikatokea, chenye wino wa rangi.

Bandari nzima ilimfurahia. Wapagazi waliopita na magunia walimwita, "Muze Chabani, zile mashine zimefika wapi?" naye akawaeleza bila choyo. Watu walianza kumjia kwa ushauri. Mwanafunzi aitwaye Armel alinunua kibao kwa maneno yake. Mwalimu mmoja akanunua. Mwuguzi naye akanunua. Kwa hakika hapakuwa na mtu Bujumbura aliyevijua vibao vya kusomea kumshinda Chabani, na hapakuwa na mwingine aliyeviongelea sana namna ile bila kuwa nacho hata kimoja.

Pembeni yake, Adélaïde alisoma. Alisoma meli ikichelewa na alisoma meli ikiwahi. Mara ya kwanza Chabani alimwonea huruma kwa ule ukurasa wa kujivuta.

"Haikuchoshi kungoja hivyo?" alimuuliza.

"Apana. Kama page inachelewa, mi narudilia mu kichwa ile nimesoma. Ikifika, niko tayari." Akabonyeza, akafumba macho, midomo ikicheza. "We uko page ngapi?"

"Mi bado nachagua," Chabani akajibu kwa staha.

Nyumbani Hayat alikuwa ameshaanza kuingiwa na wasiwasi. Siku hazigandi, na kwenye kalenda ya ukutani ule mtihani ulikuwa umesogea kutoka ukurasa wa nyuma hadi wa mbele. Jioni moja, alipokuwa akipakua maharage na ndizi, alimkuta mumewe akipima kwa rula picha ya kibao kwenye simu.

"Baba Khadidja, ile mutihani inauliza vibao ao inauliza sheria?"

"Sheria. Lakini mutu akiwa na chombo kizuri, kusoma kunakuwa rahisi."

"Na ile simu unashika, haiwezi kusoma hata page mbili kwa siku?"

"Inaumiza macho."

"Kupima picha na rula hakuumizi," Hayat akasema, akamsogezea sahani. Chabani alimeza tonge na maneno yale pamoja.

Zilipobaki wiki tatu, hatimaye aliamua. Alichagua kilicho bora kuliko vyote: chepesi, chenye wino wa rangi, mwanga wa kupunguza na kuongeza, kasha la ngozi. Djibril akamwagizia kwa ndugu yake wa Dubai. Kifurushi kikaja hadi Kigoma, kikapakiwa melini, kikashuka bandarini mbele ya macho ya Chabani siku tano kabla ya mtihani. Mwingine angekitia mfukoni. Chabani, ambaye hakuwahi kukwepa ushuru hata wa sindano, alikiandalia karatasi zake zote. Afisa wa zamu alisema kifaa kile ni kompyuta. Chabani alisema si kompyuta, ni mashine ya kusomea. Walibishana siku mbili, kwa heshima na kwa vifungu, wakiagiziana chai, mpaka afisa akakubali.

Zikabaki siku tatu. Siku ya kwanza Chabani alichagua umbo la herufi. Zilikuwepo aina kumi na tisa. Siku ya pili alipima mwanga, akagundua kwamba asubuhi unafaa mmoja na mchana mwingine. Siku ya tatu alisoma, na ni kweli, kusoma kulikuwa raha tupu. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja adhana ya magharibi ikaadhiniwa, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi mmoja pale Rohero. Maswali yalikuwa kumi na mawili, saa tatu za kuandika. Chabani aliyapitia huku jasho likimtoka, macho yakatua kwenye swali la tatu, na roho ikamrudi. Mteja ameingiza nchini kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu. Eleza kwa kifupi kiwekwe katika kundi gani la bidhaa, na kwa nini.

Alianza na hilo. Alieleza kwa nini si kompyuta, kwa nini si kitabu, wala si simu. Alitofautisha wino wa kijivu na wino wa rangi. Aligusia betri. Akaomba karatasi ya ziada, akachora jedwali, akaomba nyingine. Tangu azaliwe hakuwahi kuandika vizuri namna ile, na moyoni alikuwa akitabasamu. Msimamizi aliposema, "Zimebaki dakika ishirini," Chabani aliinua kichwa akaona maswali kumi na moja yakimkodolea macho. Safu mbili mbele yake Adélaïde alikuwa akifunga kalamu yake. Yeye swali la tatu alikuwa amelijibu kwa mistari minne tu.

Wiki tatu baadaye matokeo yakabandikwa. Adélaïde alikuwa wa tatu. Chabani alianzia juu akashuka, akaanzia chini akapanda, na jina lake halikuwepo. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alirudishiwa karatasi zake, na juu ya swali la tatu aliona tano juu ya tano, na maneno kwa wino mwekundu: "Jibu bora kuliko yote tuliyosoma. Mengine yako wapi?"

Aliketi benchini na karatasi ile. Adélaïde akaja akaketi pembeni, akaisoma, akang'ata mdomo.

"Kaka, mi sitaki kukucheka," alisema.

"Cheka tu," Chabani akajibu, "mi mwenyewe nimeanza." Na wakacheka kweli, mpaka wapagazi wakatua magunia kuja kuuliza kuna nini, ingawa macho ya Chabani yalikuwa na maji ambayo si yote ya kicheko.

Mwezi mmoja haukuisha. Salvator akasafiri, na mteja wa saruji akawa na haraka. Jalada lilikuwa tayari, limepangwa na Chabani ukurasa kwa ukurasa, halina doa. Lilikosa muhuri tu. Alilichukua akavuka ua mpaka kwenye ofisi mpya yenye meza moja na kiti kimoja. Adélaïde alilipitia, akasema, "Ni muzuri sana, kaka. Hakuna wa kukushinda," akauinua muhuri wake na kuugonga chini ya kazi ya Chabani. Wino ulikuwa bado mbichi, na jina lilisomeka wazi.

Chabani alilitazama jina lile kwa muda, akashukuru, akarudi benchini. Meli nyingine ilikuwa imeonekana, haijatia gati. Akatoa kile kibao chake kizuri, hakugusa mwanga wala herufi, akafungua ukurasa wa arobaini na mbili na kuanza kusoma. Alikuwa na jembe lililo bora kuliko yote mjini, lakini mavuno ya msimu ule yalikwenda kwa aliyelima kwa jembe lenye mpini uliopasuka, kwa maana mchagua jembe si mkulima.