Fedha ya Shambani kwa Mize

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Pakawa chungu kizito, tufunulie!

Hapo kale palikuwa na mjane akiitwa Mize. Mali yake ilikuwa shamba moja la mtama, basi. Siku moja jembe lake likagonga chungu. Ndani mna fedha tupu: vikombe, mikufu, bangili. Kando yake, mifupa ya mtu. Mize akaifukia mifupa kwa heshima, fedha akampelekea Jumbe, mkuu wa kijiji. Laiti angenyamaza! Jumbe akaileta shambani, akatangaza wenyewe wajitokeze.

Wakaja watu wa mlimani, wakaishika bangili moja yenye nakshi za kujisokota. "Hawa ni nyoka wetu. Fedha yetu, shamba letu."

Wakaja watu wa bondeni. Bangili ile ile. "Nyoka gani? Hawa ni kambare wetu. Fedha yetu, shamba letu."

Wakaja watu wa ng'ambo ya mto. "Hizo ni kamba, na wasuka kamba ni sisi. Fedha yetu, shamba letu."

Na huku wanabishana wanaukanyaga mtama wa Mize. Mnanisikia? Wanamgombea mfu, wanakanyaga chakula cha aliye hai! Nikifika hapa hasira hunipanda hadi kooni.

Mize naye akawauliza kwa hasira. "Mwenye fedha hii ni nani wenu?"

"Babu yetu," wakajibu wote.

"Basi poleni kwa msiba. Mifupa yake iko shambani, haijaliliwa. Mila mnaijua. Mfiwa hunyoa kichwa, hukaa matanga, huchinja mnyama wake. Wembe huu hapa."

Wa mlimani wakashika nywele zao. "Kwa kweli, nyoka wetu ni wanene zaidi."

"Kambare wetu wana ndevu," wakasema wa bondeni.

Wa ng'ambo walikwisha vuka mto.

Mize akanyoa kichwa chake. Akachinja mbuzi wake wa pekee, akamlilia mtu asiyemjua jina wala kabila. Jumbe akaamua kwamba mfiwa ndiye mrithi, fedha na shamba ni vya Mize.

Mchuzi ukanukia. Hao wanarudi, wote, bakuli mkononi! "Mama Mize, tumekumbuka. Marehemu ni wetu."

Mize akasimama mlangoni na upara wake. "Marehemu ana ndugu mmoja tu, na mnamtazama. Kapandeni mtama mlioukanyaga. Ukiiva, mimi nitakula."

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi niitafune.