Dadu Halikumbuki Jasho

Dadu halikumbuki jasho. Mmelisikia neno hilo leo kwa fundi cherehani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza dadu na jasho vilikutana wapi. Vilikutana hapa hapa Tabora, kwenye ukumbi wa mapumziko wa wafanyakazi wa reli, na mimi nilikuwepo mezani. Chimbuko la methali hii ni hili.

Siku hizo nilikuwa msichana, nakata tiketi stesheni. Karani wetu aliitwa Ngassa. Alikuwa mtu wa haki, mkavu kidogo, asiyependa kubembelezwa. Alikuwa amesikia kwa wazee wake habari za wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu kutoka huku Unyanyembe hadi Bagamoyo, na kutokana na habari hizo akabuni mchezo. Akauita Msafara.

Mchezo wenyewe haukuwa na karata wala ubao. Ngassa alikuwa msimulizi. Sisi wengine, kila mmoja alikuwa na mpagazi wake wa kubuni, akimpa jina na tabia, akisema kwa niaba yake. Ngassa akisema, “Mbele yenu pana nyoka,” wewe unaeleza mpagazi wako anafanya nini. Jambo likiwa la hatari, unarusha dadu, nalo ndilo linaloamua. Alilichonga mwenyewe kwa mti wa mninga. Na sheria moja ilikuwa ngumu: mpagazi wako akifa, unaondoka mezani mpaka msafara mwingine uanze. Tulicheza Jumapili mchana tu, kwa hiyo msafara mmoja ulikula karibu mwaka mzima.

Tulikuwa wachezaji watatu. Mimi, halafu Sizya, fundi wa mabehewa, mtu wa mizaha ambaye mpagazi wake aliitwa Sultani kwa sababu hakupenda kazi. Wa tatu alikuwa Butoyi.

Butoyi alikuwa ameolewa na gadi wa treni, akaletwa huku kutoka Kasulu. Mumewe alikuwa safarini siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na wanawake wa bombani walikuwa wamemcheka siku ya kwanza tu alipowasalimia. Tangu hapo aliteka maji kimya akarudi kimya. Mumewe ndiye aliyemleta ukumbini, akamwambia Ngassa, “Mpe shemeji yako kiti, nyumba inamla.”

Mpagazi wa Butoyi aliitwa Muhogo. “Kwa nini Muhogo, shemeji?” Sizya alimwuliza. Akajibu kwa sauti ndogo, “Kwa sababu haufi na ukame.”

Ajabu ni kwamba Muhogo alipoongea, Butoyi hakuwa na woga. Muhogo alibishana na watoza ushuru wa njiani. Muhogo aliimba. Katika nyika ya Mgunda Mkali, sisi wengine tulipokaa tukilalamika kiu, Muhogo alifuata nyayo za ngedere mpaka akaona maji. Na kabla ya hapo, kwenye misitu ya miyombo, Butoyi alisema Muhogo anabandua magome na kusuka kamba kila jioni, anaiweka juu ya mzigo wake.

“Mzigo juu ya mzigo!” Sizya akacheka. “Muhogo, utafika Bagamoyo umekuwa chapati.”

“Cheka tu, Sultani,” Muhogo akajibu. “Siku ya mto utaniita baba.”

Ngassa alikuwa akisikiliza yote hayo, akiitikia kwa kichwa na kusema, “Vizuri.” Basi. Vizuri, tuendelee.

Mimi nilimwona Butoyi akibadilika. Jumapili alikuwa anafika kabla yetu, ameshafuta meza. Siku moja aliniambia tukiwa tunatoka, “Dada Kabula, hapa ndipo mahali pekee ninaposikia sauti yangu.” Kwa hiyo mjue alichokuwa nacho mkononi siku ile ya mto. Watu wengine walikuwa wanacheza. Yeye, Muhogo akifa, alikuwa anarudi kwenye ule ukimya wa bombani, na hapo hapangekuwa na msafara mwingine mpaka mwaka ujao.

Tulifika Mto Mkondoa wakati wa masika, maji yamefurika. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alikuwa ameshikwa na homa, hawezi kutembea. Ngassa akasema maji ni makali, kila anayevuka atahitaji tano au sita.

Butoyi akasema Muhogo anaitoa ile kamba. Mpagazi wangu akajifunga ncha yake kiunoni. Nikarusha, nikapata tano, nikavuka, nikaifunga kwenye mti ng'ambo. Akafuata Sizya. Akarusha, sita.

Ngassa akasimulia kwa ile sauti yake nzito, “Sultani anateleza. Maji yanamfika kifuani. Lakini anaishika kamba ya Muhogo kwa mikono miwili, anajivuta, anatoka.”

Tukashangilia. Kisha Butoyi akasema Muhogo anambeba kirangozi mgongoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea. Ni kweli, hatukujitolea. Akarusha. Dadu likazunguka sana, likasimama.

Nne.

Ngassa akalitazama, akavuta pumzi. “Muhogo amesombwa,” akasema. “Pole, shemeji.”

Butoyi alishusha mikono mezani akaanza kukusanya kanga yake. Ndipo Sizya, yule wa mizaha, akapiga meza.

“Amesombwaje? Mtu kasuka kamba mwezi mzima, mimi nimekuja mikono mitupu, halafu mimi ndiye niliyevuka?”

“Wewe umepata sita.”

“Sita yangu imefanya kazi gani? Mimi nilikuwa nimelala!”

“Sizya, sheria ni dadu. Dadu halina ndugu, halipendelei, halidanganyi. Nikianza kumwonea mtu huruma baada ya kurusha, huu si mchezo tena, ni sadaka.”

Hapo palikuwa na ukweli, na sote tuliujua. Aliyejibu ni Butoyi. Alisema kama yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake ile ile iliyochekwa bombani.

“Shemeji Ngassa, sitaki sadaka. Dadu halidanganyi, ni kweli. Lakini dadu halikumbuki. Halikuwepo kwenye miyombo. Halijui nani alisuka na nani alilala. Wewe ulikuwepo.”

“Nilikuwepo,” Ngassa akasema polepole.

“Sultani alipovuka, ulisema ameshika nini?”

Ngassa alikuwa mtu wa haki, nimewaambia, na mtu wa haki hushikwa na maneno yake mwenyewe.

“Kamba,” akasema.

“Ya nani?”

“Ya Muhogo.”

“Basi kamba ipo kwenye hadithi ila kwenye hesabu haipo. Mimi naishika kamba ile ile, nami ndiye ninayeijua kila fundo lake.”

Sizya akaruka. “Mpe tatu, Ngassa! Mpe tatu za kamba, mbili za maji ya Mgunda Mkali, moja ya uzuri wa sauti!”

“Wewe nyamaza,” Butoyi akamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu hivyo mjini Tabora. “Maji ya kunywa hayafundishi mtu kuvuka mto. Kamba ilikuwa moja. Nataka moja.”

Ngassa akajishika kidevu. Akatazama nne pale mezani. Akasema, “Hii si huruma, kwa sababu kamba ilisukwa kabla dadu halijarushwa. Kosa ni langu kutoihesabu mapema. Alama moja kwa kamba. Nne na moja ni tano.” Kisha akarudi kwenye sauti yake ya kusimulia. “Maji yanamfunika Muhogo mpaka puani. Kirangozi anamkaba shingo. Mguu wake unakosa ardhi. Lakini mkono wake unalijua fundo lililo mbele, na baada ya hilo, lingine. Anatoka. Anamlaza mgonjwa kwenye nyasi.”

Butoyi akajifunika uso kwa kanga. Tulidhani analia. Alipoifunua, alikuwa anacheka.

“Sultani,” akasema kwa sauti ya Muhogo, “niite baba.”

“Baba!” Sizya akapiga magoti sakafuni, na watu waliokuwa wakicheza drafti kwenye meza nyingine wakageuka kututazama.

Jumapili iliyofuata Ngassa alianza kwa kuuliza, “Nani alifanya nini safari iliyopita?” Ikawa desturi ya meza yetu. Mpagazi akifanya jambo la maana anapewa alama moja, ndogo tu, na inamsaidia pale tu ambapo jambo lile limemfundisha kitu. Mara nyingi haikutosha. Mimi mpagazi wangu alikufa huko huko mbele, ana alama yake moja na dadu limemnyima kabisa. Sikulalamika, maana aliheshimiwa kabla hajaanguka. Sizya naye alidai alama kwa ajili ya kuwapikia wenzake ugali, Ngassa akamnyima kwa sababu ulikuwa mbichi.

Neno la Butoyi likatoka ukumbini. Sizya alilipeleka karakana, akaliongezea jasho mwishoni. Kijana mmoja alikuwa amefundisha wenzake kazi mwaka mzima, halafu nafasi ya mafunzo ikapigiwa kura ya bahati nasibu na ikamwangukia mwingine. Sizya akasimama mbele ya msimamizi akasema, “Bwana, dadu halikumbuki jasho.” Msimamizi hakujua habari za Msafara, lakini alielewa. Kutoka hapo likafika sokoni, na sokoni likafika bombani. Butoyi mwenyewe alilisikia pale akiteka maji, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake. Akawageukia, akawaambia, “Hilo neno ni langu.” Nao wakamwuliza limeanzaje, akatua ndoo, akakaa kuwasimulia.

Kwa hiyo wajukuu zangu, mkilisikia msidhani mtu analaumu bahati. Bahati haina kosa, macho yake ni ya mti. Anayelisema anawageukia waliokuwepo, wenye macho, walioona nani alisuka kamba, na anawaomba watoe kile kidogo kinachostahili. Dadu halikumbuki jasho. Kukumbuka ni kazi ya watu.